Mwenyewe Hapigi Hodi

Kufuli alilifunga yeye mwenyewe alfajiri, na ufunguo ulishinda mfukoni mwake kutwa nzima. Sasa huyo aliyemwitikia "Karibu" kutoka ndani alikuwa nani?

Gosbert Kahigwa alisimama kizingitini, mkono mmoja ukiwa kwenye usukani wa baiskeli, akasikiliza. Ilikuwa kama saa moja ya jioni, mwezi wa nane, mwaka wa elfu moja mia tisa thelathini na nne, na watu wa Buhongwa walikuwa wamekwisha kuwasha mioto yao. Mbwa alibweka mbali kidogo. Ndani hakukusikika hata mchakacho. Akafungua kufuli, akasukuma mlango, akawasha kiberiti. Kigoda chake, chungu chake, kitanda chake cha kamba. Mtu hakuna. Ila harufu ilikuwepo, harufu ya mvua inapoangukia jiwe lililochomwa na jua, na mvua haikuwa imenyesha tangu mwezi wa tano.

"Ni uchovu huu," akajisemea.

Na kama ni kuchoka, alikuwa na haki ya kuchoka. Gosbert alikuwa karani wa mizani kwa Bwana Chandulal, mnunuzi wa pamba, ambaye ghala lake lilikuwa karibu na bandari ya Mwanza. Hapo mwanzo alipanga chumba Mirongo, chumba ambacho ukinyoosha miguu unagusa ukuta, na jirani akikohoa unampa pole bila kuinuka kitandani. Mke wake, Celestina, alikuja mara moja kutoka kwao Bukoba, akakaa wiki tatu katika chumba kile, akarudi na meli huku analia. Kisha mama mkwe akaleta barua fupi: siku utakapopata nyumba, mwanangu nitampandisha meli mimi mwenyewe; lakini akinirudia mara ya pili, amerudi moja kwa moja.

Barua ile ilimkaa Gosbert kooni. Mjini nyumba zilimshinda, akaenda kuitafuta mbali, akaipata Buhongwa, maili nane kwa barabara ya Shinyanga: vyumba viwili, paa la bati, uwanja mpana na majabali nyuma. Mwenye nyumba, mzee Shimba, alikuwa amehamia kwa wanawe Magu. Alipomkabidhi ufunguo alisema neno moja tu: "Usiiache peke yake sana." Gosbert akacheka. Angeikalia saa ngapi? Saa kumi na moja alfajiri alikuwa juu ya baiskeli, saa moja mizani ya Chandulal inamngoja, na jioni ni maili nane tena, mchanga, miiba na vumbi la malori. Hata Jumapili alishinda mjini, kanisani, kwa sababu huko ndiko walikokuwa watu wa kumsalimu kwa Kihaya. Miezi mitatu aliishi katika nyumba ile, wala hakujua jua linaingilia dirisha lipi.

Akawa na mchezo mmoja, mchezo wa mtu mpweke. Mama yake alimlea kwamba anayeingia nyumbani kimya ni mwizi. Basi kila jioni aligonga kengele ya baiskeli mara mbili, akasimama mlangoni pa nyumba tupu, akasema, "Hodi." Halafu alingoja kidogo, kama muda wa mwanamke kutua chungu na kufuta mikono. Katika muda ule mfupi Celestina alikuwa ndani. Ndipo alipofungua kufuli, na Celestina akawa hayumo.

Sasa ameitikiwa. Mtu mwingine angebeba godoro lake usiku ule ule. Gosbert, na hapa ndipo ninapomwonea huruma na kumkasirikia pamoja, kesho yake alipiga baiskeli kwa haraka kuliko siku zote. Mwenye njaa hana miiko. Alisimama mlangoni, akasema hodi.

"Karibu."

Ilikuwa sauti ya chini, kama ya mtu aliyeinama mekoni. Alipoingia hakukuta mtu, lakini alikula ugali wake akiwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu meli ile iondoke na mkewe. Alianza kusimulia mambo ya kutwa kwa sauti, akiutazama ukuta: magunia mangapi yamelowa, nani kagombana na nani kwenye mizani. Ukuta ulinyamaza, lakini ulinyamaza kama mtu anayesikiliza.

Wiki ya pili alikuta kigoda kimehamia karibu na jiko. Alipokikalia kilikuwa na joto. Wiki ya tatu upande wa pili wa kitanda ulikuwa umebonyea, na maji ya mtungi yalipungua bila mtu kuyanywa. Na ile sauti ilibadilika. Kila jioni iliacha uanamke kidogo, ikajaa, ikawa nzito, mpaka siku moja Gosbert alipotambua kwamba anaitikiwa na sauti yake mwenyewe, na lafudhi yake ya Bukoba ikiwa humo humo.

"Karibu, mgeni," ilisema jioni hiyo.

Kesho yake aliondoa kufuli, akasukuma mlango, mlango ukakataa. Komeo lilikuwa limetiwa kwa ndani.

"Nani humo?" Gosbert akauliza.

"Umekuja kumwona nani?"

"Hapa ni kwangu. Mwenyewe ni mimi."

Halafu ile sauti, yake mwenyewe, ikajibu bila hasira, kama mtu anayemfundisha mtoto adabu: "Mwenyewe hapigi hodi."

Gosbert alilala uwanjani, kajikunja kando ya baiskeli. Alfajiri mlango ulikuwa wazi.

Nyuma ya majabali aliishi mama mmoja mjane, Kija, mganga aliyeheshimiwa na Wasukuma wa pande zile. Gosbert alikuwa akimpita kila alfajiri na kumwamkia, wala hawakuwa na maneno mengine. Asubuhi ile Kija ndiye aliyemsimamisha.

"Shikamoo, mama," Gosbert alisema.

"Marahaba, ng'wanawane. Mwanangu, hebu niambie. Jioni unarudi mara ngapi?"

"Mara moja, mama."

"Mimi nasikia ukifika na kengele yako mara mbili. Ya kwanza jua likiwa bado lipo."

Alikaa chini pale pale kwenye vumbi akamweleza yote, kuanzia hodi ya kwanza. Kija alisikiliza huku anapepeta mtama. Hakupiga ramli wala hakuchinja kuku.

"Watu husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," alisema mwishowe. "Wewe umekuwa mgeni kwako miezi mitatu. Anayepiga hodi ni mgeni, anayesema karibu ni mwenyeji. Hilo ni jini la kwenye mawe, lilikuwa linapita tu. Limekuta nyumba haina mtu mchana, na jioni linaombwa ruhusa. Ungeombwa ruhusa wewe, ungekataa uenyeji?"

"Nifanyeje, mama? Mke wangu anakuja. Akiogopa akarudi, sina mke tena."

"Kaa ndani siku moja, toka jua lichomoze mpaka litue. Pika, fagia, kaa kwenye kigoda chako. Likikukuta umekaa litatoka. Jioni litakuja kupiga hodi. Usiitikie."

"Nisipoitikia litakufa?"

"Jini life kwa kunyamaziwa?" Kija alicheka kidogo. "Litabaki nje linazunguka. Kila jioni litapiga hodi, mpaka mvua ya kwanza ifute nyayo zake hapa uwanjani kwenu. Zikifutika halijui tena njia. Kabla ya hapo, mtu yeyote aliyemo ndani asiseme karibu. Yeyote. Na wewe ukirudi, ingia kama mwenye nyumba. Komeo la ndani liondoe, ulitupe mbali."

Chandulal alimpa siku moja, akiguna, maana ulikuwa msimu wa pamba. Siku hiyo Gosbert alijua kwamba jua linaingilia dirisha dogo na kufika miguuni pa kitanda saa tisa. Alifagia, akapika. Komeo hakulitupa, aliliweka nyuma ya mlango, akifikiri mwanamke hawezi kukaa peke yake katika nyumba isiyo na komeo. Baiskeli aliiingiza ndani, akaiegemeza ukutani mbele ya macho yake.

Jua lilipokuwa linatua alisikia kengele ya baiskeli huko nje, mara mbili.

Aliitazama baiskeli yake. Haikuwa imetikisika.

"Hodi," ikasema sauti yake mlangoni.

Alikaa kimya.

"Hodi!"

Akashika kigoda kwa mikono miwili, na ile harufu ya mvua juu ya jiwe ikapenya chini ya mlango ikajaa chumba, ikamfika puani na kinywani mpaka akasikia ladha yake, na miguu huko nje ikawa inabadilishana uzito, huu, halafu huu, kama miguu ya mtu aliyeendesha mbali mchangani na sasa anangoja afunguliwe, na alipodhani imekwisha kuondoka, sauti ikarudi mara ya tatu, chini kabisa, karibu na tundu la kufuli, tena inalia: "Hodi, jamani. Nimetoka mbali. Nimechoka. Hakuna mtu humo wa kuniambia karibu?"

Hapo ndipo alipokaribia kushindwa, wala si kwa woga. Maneno yale yalikuwa yake. Ndiyo aliyotaka kuyasema kila jioni kwa miezi mitatu akaona haya. Ile "karibu" ilimfika ulimini, akachukua kitambaa cha kufutia mikono, akakisokomeza kinywani, akakiuma huku machozi yanamtoka. Baada ya muda miguu ikaondoka.

Tangu siku hiyo aliingia bila hodi, na kila jioni alikaa ndani akisikiliza anavyoombwa. Nyumba ilikuwa yake, na haikuwa imewahi kuwa baridi namna ile.

Katikati ya mwezi wa kumi barua ikaja: Celestina atafika Alhamisi. Mvua ilikuwa bado. Gosbert alipanga mambo yake vizuri. Mkewe angeshinda ghalani mpaka saa ya kutoka, wangeondoka wote juu ya baiskeli moja, wangeingia wote, na hodi ikija angemwambia kwamba ni desturi ya wenyeji wa huku, jioni hawaitikii mpaka mvua inyeshe. Jini asingelitaja. Hakuwa amemngoja mwaka mzima ili amrudishe kwa mama yake kwa neno moja.

Celestina alishuka melini na mkungu wa ndizi, na kifurushi cha kahawa za kutafuna kimefungwa kwa jani la mgomba. Alikuwa amekonda kidogo. Walisimama wakatazamana kama watu waliosahau kilichofuata.

"Waitu, umekuwa mweusi," Celestina alisema mwishowe. Waitu ni neno la Wahaya la kumwita mtu wenu kwa heshima, na Gosbert hakuwa ameitwa hivyo siku nyingi.

"Ni barabara."

"Nyumba ipo kweli? Au ni chumba kingine?"

"Ipo. Vyumba viwili. Jua linaingilia dirisha dogo."

Alicheka, na Gosbert akaona kwamba lolote alilovumilia halikuwa bure.

Saa nne hivi mbingu ikaporomoka. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini siku hiyo mawingu na mvua vilikuja pamoja kutoka ziwani, vikapiga bati la ghala mpaka watu wakawa wanaongea kwa mikono. Maji yalishuka kwenye mawe ya mji, yakajaza mifereji. Harufu ikapanda, ile ile, ya mvua juu ya jiwe lenye joto. Gosbert alisimama mlangoni mwa ghala akaivuta kifuani bila woga, kwa mara ya kwanza. Imekwisha, akafikiri. Nyayo zimefutika. Akamshukuru Mungu na Bikira Maria.

Mvua ilipokatika, Ngosha, dereva wa lori la Chandulal, alikuwa anaondoka kwenda Usagara kuchukua magunia.

"Karani," Chandulal aliita, "mke wako ametoka safari ndefu, atakaa juu ya pamba mpaka jioni? Lori linapita mlangoni kwako. Apande, akapumzike."

Ungekuwa wewe, ungesema nini? Gosbert alitoa ufunguo, akaufumbatisha katika kiganja cha mkewe. "Tangulia. Kufuli linakaza, zungusha kushoto. Ukiingia tia komeo, mpaka nitakapokuja."

"Usichelewe," Celestina alisema kutoka juu ya lori. "Nitakuchagulia kahawa nzuri."

Saa kumi na moja Gosbert alitoka mjini akipiga mluzi. Barabara ilikuwa tope, magurudumu yalimrushia maji mgongoni, naye alicheka peke yake kama mlevi. Kupita kidogo njia ya Nyegezi tope likawa zito. Alipokaribia Mkolani hakukuwa na tope, ila unyevu juu ya mchanga. Akaacha mluzi. Akatazama kando ya barabara, akatafuta dimbwi, hata dimbwi moja, kwenye nyayo za ng'ombe. Halafu gurudumu la mbele likainua kitu ambacho hakutaka kukiona, kikamwingia machoni na kooni.

Vumbi.

Alisimama juu ya pedali akaendesha kama mtu anayefukuzwa, akapita wachungaji waliorudisha ng'ombe wao wala hakuwajibu salamu, akapita mibuyu na mashamba makavu ya mihogo ambayo hayakuwa yameonja tone, akihesabu jua lililobaki juu ya majabali, vidole vinne, vidole vitatu, kimoja, na mwiba ukapasua gurudumu la nyuma lakini hakushuka, akaendelea kwa chuma kitupu kinachogonga mawe, huku akisema jina la mkewe kila pumzi, mpaka jua likazama akiwa bado hajafika kona ya mwisho, na kutoka mbele yake, upande wa nyumba yake, akasikia kengele ya baiskeli. Mara mbili.

Alipofika, mwanga wa kibatari ulikuwa unapenya ufa wa dirisha. Celestina alikuwa anacheka ndani. Halafu kikaja kimya kizuri cha nyumbani, na katika kimya kile Gosbert akasikia kahawa zinatafunwa, kwa meno ya watu wawili.

Alisukuma mlango. Komeo.

"Celestina! Fungua!"

Kutafuna kukakoma.

"Waitu," Celestina alinong'ona ndani, "kuna mtu nje. Ana sauti yako."

"Najua," ikajibu sauti ya Gosbert kutoka mekoni, taratibu. "Huja kila jioni. Usimwitikie."

"Celestina, ni mimi! Mimi mumeo! Si nilikupa ufunguo ghalani, nikakuambia zungusha kushoto?"

"Unasikia? Amejua hata maneno ya ghalani."

"Mungu wangu! Ni nani?"

"Ni jini la kwenye mawe. Sikutaka kukuogopesha. Tulia hapa karibu nami."

Gosbert aliupiga mlango kwa ngumi, akaupiga kwa bega, na mlango ule alikuwa ameutia bawaba mpya yeye mwenyewe ili mkewe awe salama. Akaita mpaka sauti ikakwama, kisha akateleza chini, paji la uso likiwa kwenye ubao.

"Mbona analia?" Celestina aliuliza, na sauti yake ilikuwa na huruma.

"Hulia hivyo ili umwitikie. Shika kitambaa hiki. Kiume."

Tone la kwanza likamwangukia shingoni. Jingine likagonga bati, na jingine, kisha mvua ya ziwa iliyochelewa ikaifikia Buhongwa yote kwa pamoja. Ilipiga uwanja, ikazijaza alama za miguu ya Gosbert kutoka barabarani hadi mlangoni, ikazisawazisha moja moja, na giza likamfanya asione tena barabara iko upande gani.

Gosbert alijifuta uso. Kulikuwa na neno moja tu lililobaki, naye alilisema polepole, kwa adabu, kama alivyofunzwa na mama yake.

"Hodi."

Akangoja muda wa mwanamke kutua chungu na kufuta mikono. Ndani hakuna aliyeitikia.